Barua za Wasomaji: Mwanga, Usingizi na Uchovu Usioisha

Tangu tulipoandika kuhusu usingizi wa watoto wachanga, barua kadhaa zimefika mezani zikiuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: inakuwaje mtu ashinde amechoka mchana kutwa, na usiku ukiingia usingizi umkimbie? Nimechagua barua tano. Waandishi wake hawafahamiani na kazi zao hazifanani hata kidogo, lakini majibu yote yanarudi kwenye mwanga unaofika machoni mwetu, wingi wake na wakati wake.

SWALI: Mimi ni fundi wa nguo mjini Nakuru. Cherehani yangu iko katika duka la ndani kabisa, kwenye ujia usio na dirisha, na taa ya stima huwaka tangu nifungue hadi nifunge. Natoka nyumbani kabla hakujapambazuka vizuri na kurudi giza limeshaingia. Huu ni mwaka wa pili nashinda nimechoka, sina hamu hata ya mazungumzo na wateja, na usiku nageukageuka kitandani hadi saa saba. Nimepimwa damu, sukari na presha, nikaambiwa sina tatizo. Je, huu ni uvivu au ni ugonjwa nisioujua?

JIBU: Dada yangu, mtu anayefungua duka kila siku kwa miaka miwili akiwa katika hali hiyo si mvivu, na nakuomba uliondoe neno hilo moyoni. Ulifanya vyema kuanza na vipimo, kwa sababu upungufu wa damu na kisukari huleta uchovu kama huo wako. Kwa kuwa hayo hayakuonekana, nataka tuutazame ujia wenyewe.

Nilipita katika ujia wa maduka unaofanana na wako, mjini humo humo, saa tano asubuhi ya siku yenye mawingu, nikiwa na kipimo cha mwanga. Pale sindano inaposhukia kitambaa fundi alikuwa ameiinamisha taa karibu sana, na mwanga ulitosha kutunga uzi bila shida. Nilipokiinua kipimo hadi usawa wa macho yake, kilisoma chini ya luksi 150 (luksi ni kizio cha kupimia mwanga). Mlangoni pa jengo kilisoma zaidi ya 2,000. Nilipovuka barabara na kusimama mahali pasipo na paa, chini ya mawingu yale yale, kilipita 15,000. Siku isiyo na wingu, jua la adhuhuri hufikia luksi 100,000. Tofauti hii huwezi kuijua kwa kutazama tu, kwa maana mboni hujibana na kutanuka, na ubongo huzoea haraka kiasi cha mwanga uliopo, hata ukadhani kwamba dukani kwako ni mchana kamili. Kwa mwili wako, pale ni magharibi iliyoanza asubuhi na kuendelea hadi jioni.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali neva za macho mawili zinapopishana, kuna kiini kidogo cha seli zipatazo 20,000 ambacho ndicho saa ya mwili. Ndicho kinachopanga wakati wa joto la mwili kupanda na kushuka, wakati wa njaa, na wakati wa tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo kumwaga melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Saa hii haiendi sawasawa na dunia. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Charles Czeisler waliipima wakaona kwamba, kwa wastani, mzunguko wake ni wa saa 24 na dakika zipatazo 11. Kwa hiyo isiporekebishwa kila siku huchelewa kidogo kidogo. Mfaransa Michel Siffre alijifungia pangoni miezi miwili mwaka 1962 bila saa wala jua. Alipotolewa tarehe 14 Septemba, yeye alihesabu kwamba ni tarehe 20 Agosti.

Kinachoirekebisha ni mwanga, hasa wa asubuhi. Mwaka 2002 ilithibitika kwamba ndani ya jicho, mbali na seli zinazotuwezesha kuona, zipo nyingine chache zenye protini iitwayo melanopsini ambazo hupima wingi wa mwanga na kupeleka habari moja kwa moja kwenye ile saa. Seli hizi huvutiwa zaidi na rangi ya buluu, ambayo imejaa angani mchana, na hazishtuliwi na mwanga hafifu au wa kupita; zinataka mwanga mwingi kwa muda wa kutosha. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili twapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa sababu saa moja yetu ni saa ya kwanza ya mchana, na hesabu nzima huanza upya jua linapochomoza. Saa ya mwili huhesabu vivyo hivyo, ila yako haijaonyeshwa saa moja tangu ulipohamia ujia huo.

Matokeo yake ni yale uliyoyaeleza. Saa yako imechelewa, melatonini inachelewa kuja usiku, na asubuhi unaamka ikiwa bado imo mwilini. Tena, macho yaliyokosa mwanga mchana huathirika zaidi na taa ya usiku. Ile balbu ya sebuleni, ambayo isingemdhuru sana mtu aliyeshinda shambani, wewe inakukesha. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, wafanyakazi 49 wa ofisini walilinganishwa, na waliokuwa na madirisha walilala wastani wa dakika 46 zaidi kwa usiku kuliko wasiokuwa nayo. Kuhusu moyo mzito, tangu mwaka 1984 madaktari wametambua aina ya sonona inayowajia watu wa nchi za kaskazini kila msimu wa baridi, mchana unapokuwa mfupi, na tiba yake mojawapo ni kukaa mbele ya taa ya luksi 10,000 kwa nusu saa kila asubuhi. Nakuru iko karibu na ikweta na haina msimu wa namna hiyo. Mchana wetu ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Lakini mchana huo haukufikii, na dawa ambayo wenzetu wa kaskazini huinunua dukani, wewe umeiacha hatua chache tu nje ya mlango.

Nakushauri hivi. Shuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya kile cha kawaida, kukiwa kumeshapambazuka, utembee nusu saa ukijifunika shali yako dhidi ya baridi ya Nakuru. Usilitazame jua lenyewe kamwe. Anga linatosha, hata likiwa na mawingu. Kisha tenga kazi za mkono, kama kutia vifungo na kukunja pindo, uzifanyie kwenye baraza la mbele ya jengo badala ya kuzirundika hadi jioni, na chakula cha mchana ukile hapo hapo. Kivuli si kizuizi, kwa kuwa barazani penye kivuli bado utapata mwanga mara kumi au zaidi ya ule wa ndani. Usiku, kuanzia saa mbili, bakiza taa moja, iwe ya rangi ya manjano na iwe chini. Jipe wiki mbili bila kuruka siku.

Na hili nalisema kwa msisitizo: ikiwa huzuni haikuachi kwa zaidi ya wiki mbili, au hufurahii chochote ulichokuwa ukikipenda, rudi hospitalini ukaeleze hivyo kwa maneno yasiyoficha kitu. Ikiwa fikira za kutaka kufa zimewahi kukujia, mwambie mtu leo hii, usingoje wiki mbili za mwanga.

SWALI: Mume wangu ni mvuvi wa omena hapa Dunga, Kisumu. Huingia ziwani magharibi na kurudi asubuhi. Akirudi halali kwa muda unaozidi saa nne, na anaamka mkali hata watoto wanamkwepa. Siku za mbalamwezi, wasipoenda ziwani, ndipo mambo huharibika zaidi: usiku hasinzii na mchana analala kama mgonjwa. Watu husema ni zile taa za kuvulia zinazomharibu macho na akili. Ni kweli?

JIBU: Mama, asante kwa kuandika kwa ajili yake. Zamani omena walivutwa kwa karabai, na siku hizi wengi wanatumia taa za betri au za sola, ambazo mwanga wake mweupe una buluu nyingi zaidi. Lakini taa hizo kwa kawaida huelea majini mbali na mtumbwi, na mvuvi huwa karibu nazo kwa muda tu, wakati wa kuzungusha na kuvuta wavu. Siwezi kuziachilia kabisa, ila mshtakiwa mkuu si taa. Ni jua la asubuhi anaporudi.

Ukifika ufukweni saa moja asubuhi utaona jinsi mambo yalivyo. Mitumbwi inapoingia, ziwa limetulia, na jua linamfikia mtu mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Ndipo kazi ya kupakua inapoanza, wanawake wanapima kwa debe, wengine wanatandaza omena kwenye nyavu zilizolazwa chini, na mvuvi anasimama katikati ya mwanga huo saa moja au mbili akisubiri hesabu. Kumbuka kwamba huu ndio mwanga ninaomsihi fundi wa Nakuru autafute kwa sababu unauamsha mwili. Mumeo anaupata wakati ambapo angetaka mwili wake ulale. Akifika nyumbani, saa yake imeshatangaziwa kwamba siku mpya imeanza. Usingizi atakaoupata ni wa uchovu tu, na uchovu ukipungua baada ya saa nne, hakuna kinachomshikilia kitandani. Tena joto la Kisumu chini ya mabati saa sita mchana linamalizia yaliyobaki.

Ukali unaouona ni deni la usingizi, na ningependa watoto waelezwe hivyo. Mtu anayelala kwa saa nne tu siku baada ya siku huwaka kwa jambo dogo hata kama tabia yake ya asili ni upole.

Kama anaweza, wenzake wampe zamu: asubuhi moja asimamie hesabu yeye, inayofuata asimamie mwingine, ili asiyekuwa na zamu aondoke mapema. Akikanyaga nchi kavu avae kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua hadi nyumbani. Miwani hiyo asiivae akiwa bado anaongoza mtumbwi au akiendesha pikipiki, kwa sababu inaweza kumwongezea usingizi mahali ambapo usingizi unaua. Chumba anacholala kitiwe giza la kweli. Pazia jepesi halitoshi. Blanketi zito au gunia lililokunjwa mara mbili dirishani hufanya kazi, na penye nafasi kati ya ukuta na mabati pazibwe upande wa mashariki, huku mkiacha upenyo wa hewa upande mwingine. Ikiwezekana alale chumba chenye dari. Chai ya rangi na soda anazokunywa ziwani aziache kuanzia saa nane usiku, kwa maana kafeini hukaa mwilini saa nyingi. Na kabla ya kutoka jioni, asinzie nusu saa au zaidi, kwa sababu kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri mwili wa binadamu huwa umelegea kuliko wakati mwingine wowote, na huo ndio wakati ambapo yuko juu ya maji. Jaketi la kuokolea alivae muda wote, si kulikalia.

Kuhusu siku za mbalamwezi, mwili wake hufanya kila mwezi safari ya kwenda na kurudi kama ya mtu anayepanda ndege kwenda nchi ya mbali, na saa ya mwili husogea taratibu, pengine saa moja au kidogo zaidi kwa siku. Kwa hiyo usiku wa kwanza wa mapumziko asijilazimishe kulala saa tatu. Alale anaposikia usingizi, na kila siku inayofuata atoke nje kwenye jua mapema kidogo kuliko jana, bila miwani. Siku mbili kabla ya kurudi ziwani afanye kinyume: achelewe kulala kwa saa mbili kila usiku, na asubuhi abaki gizani. Hatapona kabisa, nisikudanganye, kwa kuwa kazi ya usiku ina gharama ambayo hakuna mbinu inayoifuta yote. Lakini kutoka saa nne hadi saa sita za usingizi ni jambo ambalo nyumba nzima italihisi.

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni, nasi tunaishi Kakamega. Akiwa likizoni hulala saa nane usiku na simu mkononi na kuamka saa tano. Shuleni wanaamshwa saa kumi alfajiri kwa masomo, na mwalimu anasema anasinzia darasani. Nimnyang'anye simu?

JIBU: Mzazi mwenzangu, simu ina makosa yake, lakini si yote. Katika umri wa kubalehe saa ya mwili huchelewa yenyewe, na melatonini huja usiku zaidi kuliko kwa mtoto mdogo au kwa mtu mzima, hata pasipo simu. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2015, watu 12 walisoma kwenye skrini yenye mwanga kwa saa nne kabla ya kulala, na melatonini yao ikachelewa kwa saa moja u nusu. Hata hivyo walichelewa kusinzia kwa dakika zipatazo 10 tu ikilinganishwa na siku walizosoma kitabu cha karatasi. Kinachomkesha kijana hadi saa nane ni yaliyomo kwenye simu kuliko mwanga wake. Kwa hiyo isilale chumbani mwake, na sheria hiyo iwahusu wote nyumbani, ukiwemo wewe.

Kubwa zaidi ni asubuhi. Kuanzia wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mwamshe kila siku nusu saa mapema kuliko jana na umpe kazi ya nje mara moja, kukata nyasi za ng'ombe, kuteka maji au kupeleka maziwa, ili mwanga uiwahishe saa yake. Kumwamsha mapema na kumwacha amekaa jikoni gizani hakusaidii kitu.

Kuhusu kuamshwa saa kumi, hapo siko pamoja na shule. Kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimetenga saa tatu u nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa wakati wa kulala kwa wanafunzi wa bweni, na mtoto anayeamshwa saa kumi amenyang'anywa saa mbili za usingizi ambazo angezitumia kuhifadhi yale aliyosoma jana. Naomba ulipeleke suala hilo kwenye mkutano wa wazazi, kwa heshima, ukiwa na kanuni hizo mkononi.

SWALI: Je, mwanga mnaousifu ndio ule unaoleta vitamini D? Mimi hukaa dirishani kila asubuhi. (Msomaji wa Eldoret)

JIBU: Ni mambo mawili tofauti. Vitamini D hutengenezwa kwenye ngozi kwa miale ambayo kioo cha dirisha huizuia, na saa ya mwili hurekebishwa kupitia macho kwa mwanga ambao kioo huupitisha. Kukaa kwako dirishani kunakusaidia kwa hili la pili, mradi uwe karibu na kioo, kwa kuwa ukirudi nyuma mita mbili au tatu mwanga hupungua sana. Kutoka nje kunakupa yote mawili.

SWALI: Nina miaka 74, naishi Busia. Saa mbili usiku nimeshazidiwa na usingizi, na saa nane usiku niko macho kabisa nasubiri jogoo. Macho nayo yameanza kuona ukungu. Niombe dawa ya usingizi?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Dawa za usingizi kwa umri wako huleta kizunguzungu na kuanguka, kwa hiyo zisiwe za kwanza kufikiriwa. Ukihesabu vizuri utaona kwamba umelala saa sita. Tatizo ni kwamba saa yako imewahi mno, jambo la kawaida uzeeni. Wewe ni kinyume cha yule fundi na yule kijana, na ushauri wako unapinduka: jua la asubuhi na mapema usilikimbilie. Keti nje alasiri, kuanzia saa kumi hadi jua linapozama, na baada ya chakula taa ya sebuleni iwe kali huku ukizungumza na wajukuu hadi saa tatu u nusu. Ukiamka usiku kwenda msalani, tumia taa ndogo iliyo chini karibu na sakafu, inayotosha kukuonyesha njia bila kukuangaza usoni.

Ukungu huo usiuache. Lenzi ya jicho hugeuka njano kadiri mtu anavyozeeka, na mtoto wa jicho akiingia huuzuia zaidi ule mwanga wa buluu unaohitajika na saa ya mwili, kiasi kwamba unaweza kuketi juani na ndani ya jicho kukawa na magharibi. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na baadhi ya waliofanyiwa hueleza kwamba hata usingizi wao ulitengemaa. Huko magharibi iko Hospitali ya Macho ya Sabatia, kaunti ya Vihiga, ambayo kazi yake ni hiyo. Mwombe mmoja wa wanao akusindikize wiki hii, na unapokwenda mwambie daktari kuhusu usingizi pia, pamoja na kama unaamka kwa sababu ya mkojo, kwani hilo lina tiba yake.